Kuchagua flaiwili nyepesi ya gari la dragi: mwongozo kamili kutoka gereji ya Mtwara

Novemba moja, pesa za korosho zikiwa zimeanza kuingia mifukoni, kijana mmoja kutoka Masasi aliniletea Altezza yake nimfungie klachi mpya. Nilipoteremsha giaboksi nikakuta flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, imeshapunguzwa. Fundi kereza aliila upande wa nyuma mpaka ikabaki nyembamba, kisha akatoboa matundu kumi na mawili kuzunguka ukingo. Kijana akaniambia kwa furaha kwamba imetoka kilo tatu nzima.

Niliisafisha kwa thina, nikaipaka mafuta ya taa, nikaiacha robo saa. Nikaikausha vizuri kwa kitambaa, halafu nikaipaka unga wa chaki, ile ya shuleni, upande wote wenye matundu. Tukasimama tunaiangalia. Baada ya dakika chache pakajichora mstari mwembamba wa unyevu kwenye weupe wa chaki, kutoka tundu moja mpaka tundu la jirani, urefu wa kidole gumba. Mafuta ya taa yalikuwa yamejificha ndani ya ufa na sasa chaki inayavuta nje. Kitu kile kilikuwa kinazunguka mara elfu saba kwa dakika, mbele kidogo tu ya miguu ya mtu aliyekaa kwenye usukani.

Tangu siku ile kila kijana anayeniuliza habari ya flaiwili nyepesi, awe wa Lindi, Newala au hapahapa Chikongola, namkalisha chini kwanza. Swali lake huwa "nipunguze kilo ngapi?" Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kama chuma hicho kitabaki kizima kikizungushwa. La pili ni kama gari lake linahitaji wepesi huo kweli.

Kazi ya flaiwili

Mtu aliyekaa jirani na mashine ya kusaga ya dizeli za zamani ameshaiona flaiwili bila kujua jina lake. Ni lile gurudumu kubwa la chuma ubavuni. Mafuta yakikatwa linaendelea kuzunguka lenyewe kwa muda, maana limebeba nguvu ndani yake. Gurudumu la cherehani nalo ni hivyohivyo: ndilo linalopitisha sindano kwenye kitambaa kizito pale mguu unapokuwa katikati ya pedali na hausukumi kitu.

Kwenye gari, flaiwili imefungwa mwisho wa krankshafti. Inalainisha mapigo ya pistoni ili injini isitetemeke na kuzima, inabeba ringi gia inayoshikwa na stata, na uso wake ndio klachi pleti inaposagania. Kwa mtu wa dragi, yaani mbio fupi za kunyooka zinazoanzia gari likiwa limesimama, kuna kazi ya nne: ni ghala. Unapopandisha resi mstarini huku umekanyaga klachi, unaweka nguvu ghalani. Unapoachia klachi, nguvu ile inatoka na kulisukuma gari hatua za kwanza.

Mabaharia wa Mikindani wana neno farumi, yaani mzigo unaowekwa chini ya chombo ili kitulie. Ukiitoa yote chombo kinakuwa chepesi kweli, lakini upepo wa kwanza unakilaza. Flaiwili ndiyo farumi ya injini yako.

Swali la kwanza: chuma chenyewe

Flaiwili nyingi za kiwandani ni za chuma cha kumimina, tunachokiita kasti. Kwa matumizi ya kawaida kasti ni nzuri sana: inabeba joto, inasuguliwa vizuri na klachi, na haina gharama. Tatizo lake ni kwamba haipindi. Ikizidiwa inapasuka ghafla kama chungu cha udongo, haikupi dalili.

Nguvu inayotaka kuipasua inakua kwa mraba wa kasi. Kutoka mizunguko 6,000 kwenda 8,000 kwa dakika, kasi imeongezeka kwa theluthi moja, lakini mvuto wa kuipasua umeongezeka karibu asilimia 80. Ukingo wa flaiwili yenye nusu-kipenyo cha sentimita 14, kwa mizunguko 8,000, unakwenda mita 117 kwa sekunde, sawa na zaidi ya kilometa 400 kwa saa. Kipande kikikatika hapo kinatoka kama risasi. Kinapita kwenye hausingi ya klachi, ambayo kwa magari mengi ni alumini nyembamba, na kinaweza kupita kwenye sakafu ya gari.

Kwa hiyo usikereze wala usitoboe flaiwili ya kasti ili iwe nyepesi kwa mbio. Kuipitisha mashine kidogo kusawazisha uso wa msuguano ni sawa, mradi usivuke kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha injini hiyo. Kuila nyuma na kuitoboa ukingoni ni jambo lingine kabisa. Kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Simlaumu fundi kereza kwa roho mbaya; mashine zake ni nzuri na mkono wake ni mzuri. Lakini mashine ya kukereza haiwezi kugeuza kasti iwe chuma cha pua.

Zinazofaa ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya chuma cha pua kilichochongwa kutoka bonge moja, mara nyingi kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni. Ni imara kuliko kasti kwa mbali, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuifanya nyembamba bila kuidhoofisha. Ya pili ni ya alumini, ambayo ujazo uleule una uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Alumini haiwezi kusuguliwa na klachi moja kwa moja, hivyo inafungiwa sahani ya chuma usoni, na ringi gia yake nayo ni ya chuma. Ubaya wake ni kwamba alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo ubora wa ufungaji wa sahani ile na ringi gia ndio kila kitu. Uzuri ni kwamba sahani ikiliwa unabadilisha sahani tu.

Kwa mtu wa kusini anayetumia gari lilelile kwa mbio na kwa safari, mimi napendekeza kromoli. Alumini nawaachia wenye gari la mbio tupu na fundi wa kuikagua mara kwa mara.

Sasa alama. Marekani, ambako mchezo huu umekomaa, flaiwili na klachi za mbio hupimwa kwa viwango vya SFI, taasisi inayoweka viwango vya usalama wa vifaa vya mbio: 1.1 kwa klachi ya kawaida na 1.2 kwa klachi ya pleti nyingi. NHRA, chama cha mbio za dragi cha huko kilichoanzishwa 1951, kinalazimisha alama hizo kwa gari lenye klachi linalomaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde 11.49 au chini. Magari kama hayo hutakiwa pia kuwa na hausingi ya kinga ya chuma, yenye alama za SFI za kundi la 6. Hata kama gari lako linachukua sekunde 14, tafuta flaiwili yenye alama ya 1.1. Inakuambia kuna mtu aliyezungusha sampuli ya aina hiyo mpaka kupita kasi yako kabla yako haijafika kwako.

Wenzetu wa huko walilipa damu kujifunza. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions huko California, giaboksi ya gari la Don Garlits, dereva maarufu wa dragi, ililipuka akianza mbio na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Zama zile injini ilikaa mbele ya dereva na giaboksi katikati ya miguu yake. Alirudi mwaka uliofuata na gari lenye injini nyuma ya kiti, na madaraja ya juu yakamfuata. Gari lako wewe bado limepangwa kama yale ya zamani: kila kinachozunguka kiko mbele ya magoti yako.

Ukinunua Kariakoo na mzigo unapanda basi kuja huku, mwombe muuzaji picha za alama, za nyuma ya flaiwili na za ringi gia kabla hujatuma pesa. Ukingo uwe umechongwa safi. Ukiona uso wa nyuma una chembechembe kama mchanga, wakati muuzaji anakuambia ni kromoli, hiyo ni kasti. Flaiwili iliyotumika nayo ipime kwa chaki kama nilivyoeleza. Madoa ya bluu usoni maana yake imechomwa na joto. Nyufa ndogondogo kama utando wa buibui maana yake achana nayo.

Swali la pili: gari lako linahitaji nini

Hapa ndipo vijana wengi wanapotea. Wanasikia flaiwili nyepesi inaongeza nguvu. Haiongezi. Nguvu ya injini ni ileile. Kinachopungua ni sehemu inayotumika kuizungusha flaiwili yenyewe. Faida hiyo inategemea gia, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Chukua flaiwili mbili zenye umbo moja na nusu-kipenyo cha sentimita 14, moja kilo 8, nyingine kilo 4. Uwiano wa gia ya kwanza uwe 3.6, wa difu 4.1, na nusu-kipenyo cha tairi sentimita 30. Ugumu wa kuzungusha ni nusu ya uzito kwa kilo mara mraba wa nusu-kipenyo kwa mita, kwa hiyo tofauti ya hizo mbili ni 0.039. Zidisha kwa mraba wa (gia mara difu), gawa kwa mraba wa nusu-kipenyo cha tairi kwa mita. Gari kwenye gia ya kwanza litaongeza kasi kana kwamba umelipunguzia kilo 95. Gia ya pili ya 2.0, kilo 29. Ya tatu ya 1.4, kilo 14. Ya nne ya 1.0, kilo 7 tu.

Kwa hiyo utamu wote uko gia ya kwanza na ya pili. Na gia ya kwanza ndiyo unayoondokea, pale unapohitaji ghala.

Kwa mizunguko 6,000, flaiwili ya kilo 8 ina kilojuli 15 na nusu ndani yake. Ya kilo 4 ina nusu ya hizo. Ukiachia klachi na injini ikashuka mpaka 4,000, ile nzito imetoa kilojuli 8.6. Zikitoka ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde, ni sawa na nguvu za farasi 38 za ziada kwa muda huo mfupi. Nyepesi inakupa 19. Kwa injini yenye farasi 500 tofauti hiyo haionekani. Kwa injini ya lita mbili isiyo na tabo, inayopata nguvu zake juu kabisa ya mizunguko, farasi 19 ukizikosa mstarini injini inazama, gari linakohoa, na mwenzako ameshaondoka.

Basi jipime hivi. Gari zito, injini ndogo, tairi zinazoshika vizuri: usipunguze sana. Mimi siendi chini ya robo tatu ya uzito wa kiwandani. Gari jepesi, au injini yenye toki (nguvu ya kuzungusha) nyingi kutoka chini, na tairi za kawaida za barabarani: punguza, hata nusu. Sababu ni kwamba tairi zako tayari zinazunguka bure. Flaiwili nzito inaongeza kishindo cha kuzivunja mshiko. Na sisi wa pwani lami yetu ina vumbi la mchanga linaloletwa na upepo, hivyo mshiko ni haba kuliko vitabu vinavyodhani.

Gari la tabo lina jambo lake. Unapobadilisha gia kwa klachi, flaiwili nyepesi inaacha injini idondoke haraka, na ukichelewa mkono, presha ya tabo inapungua nayo. Dereva mwepesi wa mkono haoni shida. Mwingine yeyote aende na uzito wa kati.

Halafu jiulize gari linafanya nini siku nyingine. Nimeendesha gari lenye flaiwili ya nusu uzito kupanda uwanda wa Makonde kwenda Newala, kina mama wawili nyuma na magunia kwenye buti. Kila pikipiki ikikatiza mbele na mimi kupunguza mwendo, injini ilitaka kuzima. Kuondoka kilimani kulidai resi nyingi na klachi ikanuka. Gari la familia lisiguswe.

Kuna joto pia, ambalo halisemwi sana. Gari la kilo 1,400 likiondoka kwa mizunguko 6,000 ikishikiliwa palepale, klachi inageuza karibu kilojuli 115 kuwa joto mpaka ishike kabisa. Nusu yake inaingia kwenye flaiwili. Ya kilo 8 inapanda wastani wa nyuzi 16, ya kilo 4 nyuzi 32, na uso wenyewe unapanda zaidi ya hapo kwa mbali. Ukiondoka mara nne mfululizo bila kupumzisha, nyepesi inakuwa ya bluu. Panga dakika za kupoza kati ya mbio, hasa joto letu la Desemba.

Swali la tatu: kilo, na mahali zilipo

Usinunue kwa kusoma uzito tu. Kilo moja iliyoko sentimita 13 kutoka katikati ni ngumu kuizungusha karibu mara saba ya kilo iliyoko sentimita 5. Flaiwili mbili za kilo 5 zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa: moja imepunguzwa ukingoni, nyingine karibu na bolti. Iliyopunguzwa ukingoni ndiyo nyepesi kweli injini inavyoihisi.

Wengi wanasahau kwamba presha pleti, ile inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili, nayo inazunguka na flaiwili. Klachi ya pleti mbili zenye kipenyo kidogo inaweza kukupunguzia mzigo kuliko flaiwili yenyewe, ingawa mguu wako utalalamika mjini.

Kulinganisha kabla ya kufunga

Iweke ya zamani na mpya kwenye benchi, ubavu kwa ubavu. Hesabu matundu ya bolti za krankshafti na uyapime kipenyo. Hesabu meno ya ringi gia, maana yakipishana stata itasaga. Pima kimo kutoka uso wa bolti hadi uso wa klachi. Kikipungua au kuzidi, rilizi beringi, ile inayosukuma presha pleti kuachia klachi, haitafika au itabana muda wote. Angalia bolti na pini za presha pleti zinakaa, na kipenyo cha klachi pleti kinaendana na uso.

Angalia mambo matatu zaidi. Baadhi ya injini za Renault na Peugeot husoma mzunguko wa krankshafti kwa sensa inayotazama meno ya flaiwili. Ukifunga isiyo na meno hayo, gari haliwaki. Baadhi ya V8 za Marekani, kama Ford 302, flaiwili yake ina uzito wa makusudi upande mmoja kwa ajili ya kusawazisha injini. Ukifunga iliyo sawa pande zote, injini inatetemeka mpaka inaua beringi. Na magari mengi ya dizeli ya kisasa yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Ukiibadilisha kwa ya kipande kimoja, klachi pleti iwe yenye springi katikati, la sivyo giaboksi itabeba mapigo yote.

Kabla haijapanda gari, flaiwili na presha pleti zisawazishwe pamoja, kisha weka alama ya nukta ili zirudi vilevile kila zikifunguliwa. Kwa injini inayopita 7,000 usiruke hatua hii, hata kama inabidi mzigo urudi Dar.

Kufunga

Badilisha oilsili ya nyuma ya kranki na pailoti beringi wakati umeshafika hapo. Safisha uso wa kranki mpaka ung'ae. Chembe ya kutu tu inaipindisha flaiwili. Tumia bolti mpya. Bolti zinazovutika hazirudiwi, na za zamani hujui zimevutwa mara ngapi. Paka gundi ya nyuzi pale kitabu kinapotaka, kaza kwa kuvuka, hii na ya mkabala wake, kwa awamu tatu, na kipimo cha mwisho kiwe cha spana ya toki kama kitabu cha injini hiyo kinavyosema. Mkono hauna kipimo hapa, hata mkono wa fundi wa miaka thelathini.

Kisha simamisha geji ya mshale kwenye uso wa klachi na uzungushe injini taratibu. Ikicheza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, fungua, safisha, rudia. Futa mafuta ya kuhifadhia kwa thina na kitambaa safi. Kidole chenye grisi kinatosha kuifanya klachi itetemeke.

Ikishawaka utasikia giaboksi ikigongagonga ikiwa haijaingia gia. Kwa flaiwili nyepesi hiyo ni kawaida, na ukikanyaga klachi inanyamaza. Pandisha kidogo mzunguko wa injini wa gari likiwa limesimama. Taa ya injini nayo inaweza kuwaka, kwa sababu kompyuta inasoma mtikisiko wa ziada kama silinda inakosa moto. Hakikisha kwanza plagi na koili ni nzima, usidhani tu. Halafu endesha kilometa 500 za mjini kwa upole, uiache klachi izoeane na uso mpya.

Kujaribu

Jaribu mahali palipofungwa kwa kibali, penye gari la wagonjwa na kizima moto. Barabara ya Mtwara hadi Lindi ina watoto wa shule, wakokota baiskeli na bodaboda zenye magunia ya korosho. Nimeshazika jirani aliyegongwa na watu waliokuwa wanashindana. Atakayeniletea gari nimfungie flaiwili ili akashindane pale Mnazi Mmoja ya Lindi, simfungii.

Pima mita 18 za kwanza, ambazo ndizo futi 60 wanazozitazama wenye mchezo. Weka koni mbili, mwenzako arekodi kwa simu kutoka ubavuni, na uondoke mara tatu kwa kila mzunguko wa kuondokea: 4,000, 4,500, 5,000, na kuendelea. Flaiwili nyepesi mara nyingi hutaka uondokee juu zaidi kuliko ile ya zamani, labda 500 au 1,000 zaidi. Injini ikizama, pandisha. Tairi zikizunguka bure, shusha au achia klachi taratibu kidogo. Andika kila namba kwenye daftari pamoja na upepo wa tairi. Kama baada ya siku nzima ya kujaribu muda wa mita 18 ni mbaya kuliko ulivyokuwa na flaiwili ya kiwandani, umepunguza mno; rudisha uzito, usilazimishe.

Na baada ya kila siku ya mbio, gari likipoa, fungua kidirisha cha chini cha hausingi kama kipo, mulika tochi, zungusha injini kwa spana na uutazame ukingo wote. Giaboksi ikishuka kwa sababu yoyote, mafuta ya taa na chaki kabla ya kitu kingine.